Upande wa Ndani wa Tairi

Gerson Malogo aliendesha magari ya watu kwa miaka ishirini na saba na hakuwahi kulaza gari ubavu. Naanza na hilo kwa sababu ndivyo alivyokuwa akijitambulisha, hata msibani. Wengine ukiwauliza ni nani watakutajia ukoo, au kanisa, au mtoto wao aliyesoma. Gerson alikuwa anasema yeye ni dereva na hajawahi kulaza gari, kisha anasubiri ukubali. Siku hizi hasemi tena. Watu wawili tulimfikisha hapo. Mmoja ni shemeji yake, mwingine ni mimi, na ingawa nimeahidi kusema ukweli, najua hapa na pale nitajaribu kujitetea. Mkiona hivyo msinihurumie.

Mimi ni fundi matairi hapa Makole, Dodoma. Nina kibanda cha mabati, kompresa moja inayokohoa, jeki tatu na pipa la maji la kutafutia pancha. Kwetu ni Sikonge, ni Mnyamwezi, na Gerson ni Mgogo wa Haneti. Aliyekulia nchi hii ameshaelewa. Babu zetu walipita Ugogo na pembe za ndovu kichwani, na babu zake wakawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kila kisima, na sisi wajukuu tumerithi utani. Siku ya kwanza alipoleta gurudumu kwangu akasikia lafudhi yangu, akauliza kwetu wapi. Nilipomjibu alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akauliza mzigo wangu nimeutua wapi. Nikamwambia hongo ya maji ya chumvi waliyolipa wazee wangu nitairudisha leo kwenye pancha yake.

Tangu siku ile hatukuwahi kuongea kwa kunyooka. Alieneza habari kwamba mimi sikuhamia Dodoma, nilishuka tu kwenye treni kununua karanga ikaniacha. Mimi nikaeneza kwamba mlenda wa kwao unaweza kuziba pancha. Mama yake alipofariki nilikwenda Haneti, na kabla mwili haujawekwa nikajilaza ndani ya jeneza mbele ya wazee wa kanisa, nikasema hili limenitosha, mama mtafutieni jingine. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani, na jioni Gerson alinishika mkono akaushikilia muda mrefu.

Katika utani hakuna kukasirika. Mtani wako akikutukana, akikunyang'anya kofia, akila chakula chako, huna pa kumshtaki. Hakuna pia anayepima neno. Kila gari alilokuja nalo Gerson niliita jeneza, kila tairi niliita marehemu, na kila mara alinijibu kwamba mpagazi hajui gurudumu, anajua kichwa chake tu.

Lakini jambo la kweli likija, lina mlango wake. Unasema, utani pembeni. Ukishasema hayo maneno mawili, mwenzako anaacha kucheka na anakusikiliza kama unavyomsikiliza daktari. Katika miaka yote ile tuliyatumia labda mara nne. Mara moja aliyatumia yeye, mwaka niliokohoa miezi miwili nikajidanganya kwamba ni vumbi la barabarani. Alisimama pale kwenye pipa langu la maji akasema, "Utani pembeni, Pantaleo. Kesho nenda kapime." Nilikwenda. Ilikuwa kifua kikuu, nikatibiwa miezi sita, na ndiyo maana leo nipo naandika.

Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote kilikwenda mnadani kikarudi kimekuwa gari. Land Cruiser kubwa ya rangi ya fedha, iliyotumikia ofisi halafu ikapita kwa mkubwa mmoja aliyependa kuonekana. Huyo mkubwa alikuwa ameifunga ringi za inchi ishirini, zinang'aa kama masufuria ya harusi, na matairi ya mjini yaliyokwisha kuwa vipara. Mkewe Penina alilizunguka gari lile mara mbili, akauliza kama linakula nyasi.

Halikununuliwa kwa kujionyesha. Kampuni moja ya kuchimba visima ilikuwa inatafuta gari na dereva wake, miaka miwili, kupeleka wahandisi vijijini magharibi ya Chemba, huko kwa Wasandawe, ambako barabara ni mchanga, kisha mawe meupe yenye ncha, kisha miiba ya migunga, kisha mchanga tena. Gerson alizijua njia zile kuliko mtu yeyote ofisini kwao. Sharti lilikuwa moja, gari lifike na matairi mapya ya kuhimili njia za aina zote. Baada ya hapo kungekuwa na safari moja ya majaribio na Injinia Gladness, ambaye ndiye angeamua. Safari ikienda vizuri, Gerson ana kazi mpaka afikishe miaka sitini na mbili, juu ya gari lake mwenyewe. Ikiharibika, ana chuma kikubwa uani ambacho hata mafuta yake hawezi kuyamudu.

Alikuja kwangu kuniuliza ushauri, na siku ile tuliweka utani pembeni bila hata kutamka. Nilichora kwa kijiti chini. Nikamwonyesha kwamba ringi ikiwa kubwa, mpira unabaki mwembamba ubavuni, na ubavu ndio unaokutana na jiwe. Ukishuka mpaka ringi ya kumi na nane, kimo cha gurudumu zima kinabaki kilekile, ila mpira wa ubavuni unaongezeka kama vidole viwili. Vidole viwili hivyo ndivyo vitakavyokurudisha nyumbani kutoka Chemba. Breki za gari lile zinaikubali ringi ya kumi na nane, nilishapima. Akauliza habari ya matairi ya tope, yale ya meno makubwa. Nikamwambia hayo ni ya mtu anayeishi kwenye tope, yeye kuanzia hapa mpaka Chemba yuko kwenye lami, yatapiga kelele mpaka huyo injinia aumwe kichwa na yataisha kabla ya mkataba. Achukue yale ya katikati, yenye meno yaliyoachana kiasi, herufi A na T ubavuni, ya kubeba uzito mkubwa, na kabla ya kulipa asome tarehe.

Tarehe ya tairi ni tarakimu nne ndani ya kifremu kidogo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matairi mengi yanayo upande mmoja tu. Tairi likizidi miaka sita hata kama lilikuwa limelala dukani, mpira unakauka, na mpira uliokauka unapasuka ukiguswa. Nilimweleza yote hayo, akaitikia kwa kichwa. Tukakubaliana Jumamosi twende wote kutafuta ringi na matairi, mimi nikiwa macho yake.

Jumamosi nilifunga kibanda. Nataka mjue hilo. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kupata, na nilifunga, nikaoga, nikavaa shati safi la kitenge alilonishonea marehemu mke wangu, nikakaa kwenye benchi kumsubiri. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Kwenye saa sita nikasikia honi, na Gerson huyo anaingia na gari lake, ringi zilezile za ishirini zinang'aa, matairi meusi mapya chini yake. Hakuwa amekuja kunichukua. Alikuwa amekuja kunionyesha.

Obedi ndiye aliyemuuzia. Obedi ni mdogo wake Penina, walimchukua akiwa darasa la nne, akakulia nyumbani kwao Makole kama mtoto wa kuzaa. Gerson alimfundisha kuendesha, alimnunulia suti ya harusi, na alimwombea kazi kwenye lile duka la matairi ambako sasa ni muuzaji. Ijumaa jioni Obedi alikuwa amepita nyumbani, akamwambia shemeji ya nini uhangaike na ringi, hizo ulizonazo ni nzuri, mimi nina matairi ya njia zote ya saizi hiyohiyo, na mzigo wa mwisho umebaki kama umekusubiri wewe. Gerson alinieleza hivyo huku anatabasamu. Akasema, huwezi kumpita mtoto uliyemlea ukaenda kununua kwa mtu baki.

Mtu baki nilikuwa mimi, ingawa hakukusudia hivyo. Lakini lilinichoma. Miaka yote ya pancha, miaka ya kulala chini ya magari yake kwenye vumbi, halafu siku ya kununua tairi jipya nabaki kwenye benchi na shati langu.

Nikaingia chini ya gari. Nakiri sikuingia kwa upendo, niliingia kutafuta kasoro. Kwa nje matairi yalikuwa safi, yana vile vinyweleo vya mpira ambavyo kila mtu anavijua ni dalili ya upya. Upande wa ndani ndiko kulikokuwa na maandishi meupe, yale ambayo vijana wanapenda yaonekane. Nilipomuuliza kwa nini yametazama ndani, Gerson alisema Obedi ndiye aliyeyafunga hivyo kwa mkono wake, eti gari la kazi lionekane la heshima. Nikafuta vumbi kwa kidole nikatafuta kifremu. Kilikuwa pale, chini ya herufi nyeupe. Tatu, moja, moja, nne. Wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili na kumi na nne. Tulikuwa mwaka elfu mbili ishirini na nne. Nikatambaa kwenye tairi la pili, la tatu, la nne. Yote mwaka uleule, yote yamegeuzwa ndani. Na chini kabisa katikati ya meno, ambapo dawa ya kung'arisha haikufika, kulikuwa na nyufa ndogo kama za udongo wa mbuga mwezi wa kumi.

Nilitoka chini ya gari nikajipangusa magoti. Gerson alikuwa ameegemea mlango, ana furaha ya mtu ambaye kila kitu kimekaa mahali pake.

Nikamwambia, "Mgogo, matairi haya yalishakufa zamani. Yanasubiri kuzikwa tu."

Akacheka. "Na wewe utajilaza kwenye jeneza lake, nakujua," akasema. Akanipigia honi mbili akaondoka.

Nilikuwa nimesema. Kwa miezi mingi nilijishikilia hapo, kwamba nilisema, tena nilisema wazi, maneno yenyewe ni ya kweli na hakuna lililofichwa. Lakini nilijua alivyosikia. Nilikuwa nimeyaita marehemu matairi yake yote kwa miaka ishirini, mazima na mabovu, na hili lilikuwa moja tu kati ya hayo. Nilihitaji kusema maneno mawili kwanza, na sikuyasema. Nilikuwa na hasira. Nikasema moyoni, amwache mtu baki, akamuulize mtoto aliyemlea.

Safari ilikuwa Jumanne. Jumapili ikapita. Jumatatu nilichukua simu nikalitafuta jina lake, nikaona nitaonekana nina wivu na biashara ya Obedi, nikairudisha mfukoni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Haikuwa uongo, na hilo halinisaidii.

Jumanne waliondoka asubuhi, Gerson na Injinia Gladness mbele, vipimo vyao nyuma. Alinisimulia baadaye kwa maneno machache. Lami yote mpaka Chemba ilikuwa tulivu. Walipopita Haneti alimwonyesha injinia kilima alikochungia mbuzi, na yule mama alikuwa ameanza kusema "tukija tena mwezi ujao" kama mtu aliyekwisha kuamua. Baada ya Chemba wakaacha lami. Gerson akapunguza upepo kwenye matairi kidogo kama inavyotakiwa mchangani, akaenda mwendo wa baiskeli. Kwenye saa nne na nusu walikuwa wanateremka kuingia korongo kavu, kulia mawe, kushoto ukingo. Tairi la mbele kushoto likagusa jiwe ubavuni. Tairi lisilokauka lingelalamika tu. Lile lilifunguka kutoka ubavuni mpaka kwenye meno, usukani ukavutwa kushoto, ukingo ukamomonyoka, na gari likalala taratibu kama ng'ombe anayejilaza.

Hakufa mtu. Injinia Gladness alivunjika mfupa wa bega. Wafugaji waliokuwa wananywesha mifugo walikuja na kamba wakalisimamisha gari, na lori lililokuwa linakwenda Chemba likampeleka yule mama hospitalini. Gerson akabaki peke yake na gari. Akampigia Obedi mara tatu, simu ikaita mpaka ikakata. Halafu akanipigia mimi.

"Pantaleo," akasema, "njoo na jeki mbili."

Hakuniita mpagazi. Kwa jina langu tu nilijua ni nini kimetokea.

Niliomba lifti kwenye lori tupu lililokuwa linafuata mbuzi mnadani Chemba, na kutoka hapo pikipiki ikanifikisha saa tisa. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, mlango wa gari umekunjika, kioo kimeenea mchangani. Tuliinua gari. Nikalitoa gurudumu lililopasuka, na kabla sijalisogeza pembeni akalichukua mwenyewe, akaligeuza, akafuta vumbi kwa kiganja. Akasoma. Akaenda kwenye gurudumu la nyuma, akajilaza kifudifudi na shati lake la safari, akasoma. Akayazunguka yote. Aliporudi alikuwa na mchanga shavuni na hakuupangusa.

"Yote manne," akasema.

Nikamwambia ndiyo.

Akakaa kwenye jiwe lake tena. "Jumamosi ulisema yamekufa."

"Nilisema."

"Ulisema kwa sababu ulisoma? Au ulisema tu, kama siku zote?"

Pale ningeweza kujiokoa. Ningesema nilisema tu kama siku zote, na angeniamini, na hasira yake yote ingekwenda kwa Obedi. Sijui ni kitu gani kilinizuia. Labda ni kwa sababu alikuwa ananitazama vilevile alivyonitazama siku ile ya kikohozi.

"Nilisoma," nikasema.

Alichukua spana akaanza kukaza nati za gurudumu la akiba, moja baada ya nyingine, kwa msalaba, kama fundi mzuri anavyofanya, na alipomaliza akazikagua tena. Tulirudi Dodoma polepole mno. Njia nzima hatukutaniana wala hatukugombana.

Ya Obedi niliambiwa na Penina, aliyekuja kibandani siku ya tatu akakaa kwenye benchi langu akiwa na khanga mbili kama mtu aliyetoka msibani. Alimwita mdogo wake nyumbani. Obedi alikuja, akaamkia shikamoo shemeji, akapewa kiti. Alikana kwanza kwamba matairi ni mabovu, akasema hayajawahi kugusa barabara, jipya ni jipya. Penina akamuuliza ni nani aliyeyageuza ndani. Akasema ni yeye. Akamuuliza yote manne? Hapo akainamisha kichwa. Akaeleza kwamba mwenye duka alitaka ule mzigo wa zamani uondoke kabla ya mwisho wa mwezi, kila muuzaji alipewa sehemu yake, na yake ilikuwa matairi ya saizi ile ambayo magari machache tu yanayo. Alijua la Gerson linayo.

Gerson alimuuliza swali moja tu, kama hakuogopa.

Obedi akajibu, "Shemeji, nilijua wewe unaendesha polepole."

Penina aliponiambia hilo alivuta khanga. Akasema kama mtu angemwibia Gerson kupitia udhaifu wake, yeye angesema haya ni mambo ya dunia. Obedi alikipima kitu kizuri kuliko vyote alivyonavyo mume wake, ule uangalifu wake barabarani, akakigeuza kuwa ruhusa. Mimi nilikuwa natazama pipa langu la maji. Kisha akasema, na hakunitazama, kwamba Gerson usiku anaongea habari za Obedi mpaka anachoka, lakini mimi hajanitaja hata mara moja.

Mkataba haukuwepo tena. Injinia Gladness alimpigia mwenyewe, mkono umefungwa, akampa shikamoo mzee, akamshukuru kwa kumwekea khanga yake chini ya kichwa na kumpa maji. Akamwambia kampuni imechukua gari jingine. Halafu akamuuliza swali ambalo nadhani lilimuuma Gerson kuliko kuukosa mkataba wenyewe. Akauliza kama hakukagua matairi kabla ya safari. Gerson alikagua kila asubuhi upepo, meno na nati. Aliangalia upande wa nje.

Obedi alisamehewa Krismasi. Si kwa haraka na si kwa moyo mweupe, lakini Gerson alimfokea mbele ya ndugu, akamwambia yote, akamtajia suti na darasa la nne na usukani aliomshikisha, mpaka Obedi akalia, na baadaye wakala pamoja. Siku hizi anaingia pale nyumbani anakaa mwisho wa meza. Mimi sikufokewa. Nilisubiri anifokee. Nilikwenda kwake mara mbili, nikakaribishwa chai kwa adabu, nikaulizwa habari za Sikonge. Nilitamani anitukane. Lakini mtu hamkasirikii mtani wake, ndivyo ilivyo, na asiyekukasirikia hana pa kuanzia kukusamehe.

Februari alikuja kibandani. Lilikuwa gari lilelile, mlango umenyooshwa ukabaki na rangi tofauti kidogo. Alikuwa ameuza zile ringi zinazong'aa akafunga za kumi na nane, nyeusi, za chuma tupu, na matairi ya njia zote yenye ubavu mnene. Alikwenda kuyachagua peke yake. Tarehe zilikuwa upande wa nje, unaweza kuzisoma umesimama. Anakodisha kwa wafanyabiashara wa mifugo na watu wa misiba, safari mojamoja, hakuna mkataba. Gurudumu moja lilikuwa na mwiba.

Nilisimama nikapangusa mikono. Nilikuwa nimeifikiria siku hiyo muda mrefu, na kilichonitoka mdomoni ni kile nilichokizoea. Nikamwambia, "Mgogo, umeleta hongo yangu?"

Alisubiri nimalize, kwa upole, kama unavyomsubiri mgeni anayekosea jina lako.

"Habari za kazi, fundi," akasema. "Naomba unizibie pancha hii."

Nililitoa tairi kwenye ringi, nikalitumbukiza kwenye pipa, nikaona mapovu yanatoka taratibu. Niliziba vizuri kuliko nilivyowahi kuziba maishani. Muda wote huo alikaa kwenye lile benchi nililokaa mimi Jumamosi ile, mikono juu ya magoti, anatazama barabarani. Nilipomaliza kufunga nati ya mwisho nikainuka nikamkabili, nikayasema yale maneno mawili, miezi mitano baada ya siku yake.

"Utani pembeni, Gerson," nikasema.

Akanitazama. Hakuwa na uso wa hasira, na hilo bado linanitesa.

"Utani upi, bwana Pantaleo?" akauliza.

Alinilipa, akashukuru, akalizunguka gari lake akiinama kwenye kila gurudumu, kisha akapanda akaondoka polepole.